Wauguzi Tunao, Zamu Haina Watu

Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilitangaza nafasi 7,612 za ajira kwa kada za afya. Walioomba walizidi 40,000. Na kwa miaka mingi sasa, taarifa za wizara zimekuwa zikieleza kwamba takriban nusu ya watumishi wanaohitajika katika hospitali, vituo vya afya na zahanati zetu hawapo.

Mambo hayo mawili yanatokea katika nchi moja, kwa wakati mmoja. Mimi ni mwalimu wa uuguzi na ukunga hapa Moshi, kwa hiyo nayaona yote mawili kwa karibu. Asubuhi napeleka wanafunzi wodini na kukuta mkunga mmoja anahangaika na leba nzima. Jioni, njiani kurudi nyumbani, nakutana na niliowafundisha miaka iliyopita. Mmoja anauza nguo za mitumba soko la Memorial. Ananisalimia kwa heshima ileile ya darasani, "Shikamoo Mwalimu," halafu swali linafuata: "Umesikia lolote kuhusu ajira?" Binti huyo anajua kumzalisha mtoto aliyetanguliza makalio. Anajua kumhudumia mama mwenye kifafa cha mimba. Nilimpima mwenyewe, na alifaulu vizuri.

Tukisikia kwamba nchi ina upungufu wa wahudumu wa afya, wengi wetu tunadhani watu hawajasomeshwa. Zamani ilikuwa kweli. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazawa 12 tu, na kila aliyehitimu alikuwa anasubiriwa mahali. Leo, kwa kada kama za uuguzi na utabibu, upungufu ni wa nafasi zenye mshahara. Kila kituo kina ikama, yaani idadi ya watumishi kinaotakiwa kuwa nao kulingana na ngazi yake. Halmashauri inaandaa makisio, Utumishi inatoa kibali, Hazina inalipa. Pale kwenye kibali ndipo hesabu inapokatwa. Kituo kinaweza kuomba wauguzi wanane kikapata wawili, na mwaka unaofuata kikaomba tena wale sita pamoja na wa kuziba pengo la waliostaafu.

Naomba nieleze maana ya pengo hilo ndani ya wodi, kwa sababu kwenye taarifa huandikwa kwa asilimia, na asilimia haimwonyeshi mtu anayekimbia kutoka kitanda hadi kitanda.

Mama akiingia kwenye uchungu uliokolea, mkunga anatakiwa kufungua partografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu. Kila nusu saa asikilize mapigo ya moyo wa mtoto, ahesabu mikazo ya tumbo la uzazi kwa dakika kumi, apime mapigo ya mama. Kila baada ya saa nne apime njia ilivyofunguka na shinikizo la damu. Yote hayo ayaandike kwenye chati, maana mstari wa chati ndio unaomwambia kwamba mtoto huyu anachelewa na inabidi kuita daktari au kutoa rufaa. Hiyo ni kwa mama mmoja. Akijifungua, anatakiwa aangaliwe kila dakika kumi na tano katika saa ya kwanza, kwa sababu damu inayoua hutoka wakati huo.

Sasa weka akina mama wanne kwenye leba hiyo, mmoja akiwa amejifungua muda si mrefu, na usiku huo mkunga ni mmoja pamoja na mhudumu wa wodi. Yule aliyejifungua anaanza kuvuja damu. Damu ya namna hiyo inahitaji mikono ya watu watatu: mmoja anakanda tumbo la uzazi, wa pili anaweka dripu na kuchoma oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, wa tatu anapiga simu na kukimbilia damu maabara. Mkunga yuko peke yake. Atafanya yote moja baada ya jingine, na wakati huo hakuna anayesikiliza mapigo ya watoto wengine watatu.

Asubuhi wakati wa ripoti, chati tatu ziko tupu, au zimejazwa baadaye kwa kukumbuka. Ndugu wa wagonjwa watasema wauguzi wana dharau. Mkaguzi ataandika kwamba partografu haikutumika ipasavyo. Mimi nawafundisha wanafunzi kuijaza kila nusu saa, nawafelisha wasipoijaza, na nikiwapeleka wodini wanakuta mazingira ambayo hayawaruhusu kufanya nilichowafundisha. Wanaumia mapema kabisa katika kazi yao, na wengine ndipo wanapojifunza ukali. Sitetei lugha mbaya kwa mgonjwa hata kidogo. Nimeona tu inavyoanza. Muuguzi asiyeweza kumfikia kila mtu huacha kuwaangalia watu usoni.

Na katika hali hiyohiyo nchi hii imefanya jambo kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Vituo vingi vya kata vilijengewa vyumba vya upasuaji, magari ya wagonjwa yakaongezwa. Nafurahia takwimu hizo kwa moyo wangu wote. Lakini kila mama aliyeshawishika kuacha kujifungulia nyumbani alifika kwenye mlango ambao nyuma yake kulikuwa na mkunga yuleyule wa jana. Mafanikio yale yalibebwa na watu waliounganisha zamu ya mchana na ya usiku, na sidhani tumewashukuru inavyostahili.

Kwa nini tumefika hapa? Mwaka 1993, katika masharti ya kurekebisha uchumi, Serikali ilisimamisha ajira mpya. Kwa karibu muongo mzima vyuo viliendelea kutoa wahitimu huku milango ikiwa imefungwa. Waliokuwa kazini wakazeeka, wakastaafu, wengine wakafa, na huo ndio wakati UKIMWI ulikuwa unajaza wodi. Ukienda kwenye hospitali nyingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ungekuta wauguzi wenye mvi na vijana walio kwenye mafunzo kwa vitendo, katikati hamna mtu. Kizazi kizima cha watu ambao sasa wangekuwa wauguzi wakuu wenye uzoefu wa miaka thelathini hakikuajiriwa. Pengo la aina hiyo huwezi kuliziba kwa tangazo moja la ajira, kwa sababu uzoefu haufundishwi darasani peke yake. Hufundishwa na aliyetangulia wodini.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 57 zenye uhaba wa hatari, Tanzania ikiwemo, na kueleza kwamba Afrika inabeba asilimia 24 ya mzigo wa magonjwa duniani ikiwa na asilimia 3 tu ya wahudumu wa afya. Mwaka uliofuata tulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wananchi walichanga, walibeba mawe na mchanga, majengo yakasimama. Jengo hujengwa mara moja na kuzinduliwa kwa utepe. Mshahara wa muuguzi ni deni la miaka thelathini na tano, na hauna sherehe.

Halafu kuna ile habari ya 2017, ambayo huwa nawasimulia wanafunzi kila mwaka. Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma kwa siku 100. Kenya ikaomba madaktari 500 kutoka kwetu, na Rais Magufuli akakubali. Watanzania waliokuwa na sifa na wasio na kazi wakaomba. Mahakama ya Kenya ikazuia mpango huo, na Rais akaagiza waombaji 258 waliokuwa tayari waajiriwe hapahapa nyumbani. Waliingia kazini. Yaani kabla Kenya haijaomba, tulikuwa na madaktari zaidi ya mia mbili waliokaa bila ajira, tena katika nchi ambayo wilaya nyingi zilikuwa na uhaba wa madaktari. Kilichohitajika ni uamuzi. Mwaka huohuo watumishi 9,932 waliondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi, wakiwemo wa sekta ya afya. Mtu mwenye cheti cha uongo hapaswi kumgusa mgonjwa, hilo silipingi. Ila mapengo waliyoyaacha vituoni yalichukua muda mrefu kuzibwa, na waliobaki ndio waliogawana zamu zao.

Nizungumzie sasa kwetu Kaskazini, maana hapa tofauti inaonekana kwa macho.

Mkoa wa Kilimanjaro umebarikiwa. Wamisionari walijenga mapema, na wananchi wa mlimani wakasomesha watoto. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, leo ina vitanda zaidi ya 600 na inapokea rufaa za Kanda nzima ya Kaskazini. Hospitali ya Mawenzi iko mjini. Ukipanda mlimani kuna hospitali za Kibosho, Machame, Kilema, Marangu, na Huruma kule Rombo, na kadhaa kati ya hizo zina vyuo vya uuguzi pembeni yake. Mama wa Kibosho akishikwa na uchungu usiku, shida yake ni usafiri na matope. Watu wa kumpokea wapo, hata kama ni wachache.

Toka hapo uende Arusha, uchukue barabara ya Namanga hadi Longido, halafu uiache lami uelekee Ketumbeine na Gelai. Au uende Ngorongoro, hadi Loliondo. Umbali kati ya kituo na kituo unakuwa wa siku nzima kwa mguu. Huduma ya mkoba, yaani ya kuwafuata watu waliko, inategemea gari lililopo na mafuta yaliyopo. Flying Medical Service, yenye makao yake Arusha, kwa miaka mingi ilikuwa ikirusha ndege ndogo kwenda kuchanja watoto na kupima wajawazito huko ambako gari lilikuwa halifiki. Fikra hiyo ina mizizi ya zamani katika eneo letu: mwaka 1956 madaktari watatu wa upasuaji walikutana kwenye shamba moja chini ya Kilimanjaro wakawaza kupeleka tiba kwa ndege, na mwaka uliofuata likazaliwa shirika ambalo leo tunalijua kama AMREF. Ni kazi ya kuheshimika sana. Lakini ndege huja na kuondoka, na mtoto huzaliwa saa anayoamua yeye.

Kwa nini vijana hawaendi? Ndiyo lawama ninayoisikia mara nyingi: wanapangiwa vijijini, hawaripoti, au wanaripoti, wanapata cheki namba, ile namba ya mshahara serikalini, wanaanza kuhangaikia uhamisho. Wapo wanaofanya hivyo. Nimezungumza na wengi wao, na sababu zao ni za kibinadamu. Msichana wa miaka 23 anafika kwenye zahanati iliyo peke yake nyikani. Nyumba ya mtumishi haipo, au ipo na haina mlango wa kufungika. Maji ni ya kununua kwa punda. Wagonjwa wengi ni akina mama wanaozungumza Kimaasai tu, naye hajui hata salamu, kwa hiyo maelezo ya mgonjwa anayapata kupitia mtoto wa shule anayetafsiri mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Yeye ndiye mkunga, ndiye tabibu, ndiye mfamasia, ndiye anayejaza vitabu vyote vya taarifa ya mwezi. Usiku akigongewa atoke peke yake. Akiolewa, mume ana kazi Arusha mjini. Akizaa, shule iko mbali. Baada ya miaka miwili anaandika barua ya kufuata mwenza, na kituo kinabaki na mhudumu asiye na taaluma.

Wapo pia waliobaki. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani yuko Longido hadi leo. Kilichombakiza anakitaja bila kusita: alipofika alikuta chumba chenye umeme wa jua, mkunga mwenzake wa kupokezana naye, na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, aliyemheshimu. Chumba, mwenzake, heshima. Hakutaja posho, ingawa angeipokea kwa furaha na anaistahili.

Kuna watu wanaodhani ubora utashuka tukitumia kada za kati. Historia yetu inaonyesha vingine. Tangu miaka ya 1960 Tanzania ilifundisha madaktari wasaidizi, yaani matabibu wenye uzoefu walioongezewa mafunzo hadi kuruhusiwa kufanya upasuaji. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali ilikuwa inafanywa na wao, na matokeo yao hayakupishana na ya madaktari wenye shahada. Watu wengi wa wilaya za pembezoni wako hai kwa sababu ya mikono hiyo. Kada hiyo iliachwa iyoyome kabla wenye shahada hawajafika wa kutosha huko pembezoni, na mimi naamini tuliharakisha.

Kuhusu wanaokwenda nje sina maneno mengi. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kimataifa, na mwaka 2023 likaitaja Tanzania miongoni mwa nchi 55 ambazo nchi tajiri hazipaswi kwenda kuzoa watumishi wake. Vizuri. Lakini mhitimu aliyekaa nyumbani miaka mitatu akipata kazi ya kulea wazee ng'ambo, sitamzuia, wala sidhani kuna anayepaswa kumzuia kabla hajamwonyesha kituo cha kazi hapa.

Kinachoniuma zaidi ni kujitolea. Wahitimu wanakwenda hospitalini, wanaomba kufanya kazi bila mshahara ili wasisahau mikono yao na ili majina yao yajulikane. Wanapangwa kwenye zamu kama waajiriwa. Wakibahatika wanapewa nauli na chakula cha mchana. Familia iliyouza shamba la migomba kumsomesha inaendelea kumlisha, na leseni ya uuguzi anailipia mwenyewe. Hospitali nyingi zingeyumba leo asubuhi kama wanaojitolea wangeamua wote kubaki nyumbani. Kazi yao imeziba pengo kiasi kwamba kwenye takwimu za utendaji halionekani tena, na pengo lisiloonekana haliombewi kibali.

Mwaka 2025 tuliona upande mwingine wa udhaifu huu. Januari ile Marekani iliposimamisha misaada yake, watu waliokuwa wakilipwa na miradi kwenye kliniki za CTC, yaani za huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU, walipokea barua za kusimama kazi ndani ya siku chache: washauri nasaha, waingiza takwimu, wauguzi wa mkataba. Walikuwa wanajua kwa majina nani ameacha dawa na anaishi nyumba gani. Ujuzi wa aina hiyo ulipaswa kuwa kwenye ikama ya Serikali tangu zamani.

Najua mshahara una mwisho wake na Hazina ina wadai wengi. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na hatujafika huko. Hata hivyo kuna njia ambazo hazingoji Dodoma. Zipo halmashauri zinazoajiri wauguzi wa mkataba kwa mapato ya ndani. Vituo vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati za kituo zina sauti katika matumizi yake. Halmashauri yenye watalii wanaopita kila siku kwenda Serengeti inaweza kulipa wakunga kumi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapeleka watu wengi zaidi kwenye vituo, na kadi ya bima inahitaji mtu upande wa pili wa meza. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, wenye lengo la kufikia 137,294, ni mzuri na nauunga mkono, lakini kila mjamzito watakayemshawishi aende kliniki ataongeza kazi ya mkunga. Mipango hii miwili lazima ipangwe pamoja na ikama, kwenye meza moja.

Na kwa Longido na Ngorongoro, utafiti wa nchi nyingi unakubaliana na kile wazee wa huko wanachokisema: anayebaki ni aliyezaliwa huko. Naipokea hoja hiyo kwa mikono miwili. Shida ni kwamba kuingia stashahada ya uuguzi kunahitaji kufaulu kemia, biolojia na fizikia kidato cha nne. Kila msimu wa udahili napitia fomu, na kutoka kata zile nakutana na wasichana wenye Kiswahili kizuri, biolojia nzuri, na F ya fizikia kutoka shule ambayo haikuwa na mwalimu wa fizikia kwa miaka minne yote. Fomu hizo nazirudisha, kwa sababu sheria ni sheria na fizikia ina umuhimu wake katika kazi yetu. Mkurugenzi wa halmashauri anayetaka mkunga wa kudumu Gelai aanze kwa kuajiri mwalimu huyo wa fizikia mwaka huu, amtafutie nyumba, na awalipie bweni wasichana walio kidato cha pili sasa. Hesabu zangu zinaonyesha kwamba wakifaulu, ndani ya miaka sita watakuwa na leseni. Vyuo vya Moshi vitawapokea, mimi nikiwa mmoja wa walimu wao, na muda wa kuwatengea vibali kwenye bajeti upo, kama utaanza kutumika leo.